Maniema Kusini: kiwanda kinaanza kusimama kwenye depo

Mwezi Septemba 2017, kampuni ya Kanada ya Banro ilitangaza kusimamisha kwa muda kazi za mgodi wake wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila, wilayani Kabambare. Dhahabu haikuwa imeisha ardhini. Kilichokosekana ni njia: usalama ulikuwa umeharibika kwenye barabara inayoleta vifaa kutoka upande wa Lulimba na Fizi, na kiwanda kisichopata vifaa hakiwezi kuendelea kwa siku nyingi.

Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika kusini mwa Maniema. Swali moja halijabadilika, na linamhusu kila anayetaka kuendesha kiwanda katika eneo hili, kiwe kikubwa cha dhahabu kule Namoya au kidogo cha kukoboa mpunga mjini Kasongo: ndani ya depo kuna nini leo, kitatosha siku ngapi, na nani anayejua?

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, viwanda vingi vinajibu swali hilo kwa programu za kompyuta za kusimamia depo. Watu wengi wa Kasongo na Kabambare wakisikia habari hiyo wanaona ni mambo ya Nairobi au Dar es Salaam, penye umeme na lami. Lakini ukifuata hesabu, mambo ni kinyume. Kiwanda kilicho karibu na bandari kinaweza kukosea stoki yake na kurekebisha kesho yake. Kiwanda cha Maniema kikikosea, kinalipa kwa wiki nzima, au kwa msimu mzima wa mvua.

Mji wa maghala, mbali na kila kitu

Kasongo imejua kazi ya ghala tangu zamani. Katika karne ya 19, enzi za Tippu Tip, pembe za ndovu zilikusanywa hapa na kusubiri misafara ya wapagazi kuelekea pwani, safari iliyochukua miezi. Mwenye mali alilazimika kujua ana pembe ngapi, chakula cha wapagazi kiasi gani, na vitambaa vingapi vya kulipia njia. Aliyehesabu vibaya alikwama katikati.

Leo hakuna wapagazi, lakini umbali uko pale pale. Kwenda Kindu, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya kilomita 200. Reli ya SNCC haipiti Kasongo mjini. Inapita Samba, ng'ambo ya mto Lualaba, kwa hiyo mzigo unaokuja kwa treni lazima ushushwe, uvushwe, na kupakiwa tena. Upande wa mashariki, barabara inapita Kabambare kuelekea Lulimba, na kutoka huko mtu anashika RN5 kwenda Fizi, Baraka na Uvira, au kushuka Kalemie. Njia ya Bukavu, RN2, inapita Kamituga katika milima na matope.

Njia zote hizo zina adui wawili. Wa kwanza ni mvua, ambayo kusini mwa Maniema inachukua sehemu kubwa ya mwaka, ikiacha kiangazi cha miezi michache kuanzia kama Juni. Wa pili ni vita. Bukavu iliangukia mikononi mwa M23 katikati ya Februari 2025, na tangu hapo mfanyabiashara aliyezoea kuagiza bidhaa zake huko hawezi tena kuhesabu siku za safari kama zamani.

Kwa lugha ya watu wa viwanda, tatizo hilo linaitwa muda wa kungojea mzigo. Muda huo ukiwa mrefu, unahitaji depo kubwa. Ukiwa hautabiriki, unahitaji jambo la zaidi: kujua mapema, kabla ya kila mtu, kwamba kitu fulani kinaelekea kuisha.

Kiwanda cha dhahabu kinakula nini

Watu wengi wanafikiri mgodi ni shimo na katapila. Namoya ilikuwa pia kiwanda. Njia iliyotumika huko ni ile ya kurundika mawe: yanapondwa, yanashikanishwa ili vumbi lisizibe njia za maji, yanapangwa kwenye rundo kubwa juu ya jamvi la plastiki, kisha yananyunyiziwa maji yenye sianidi. Maji hayo yanayeyusha dhahabu, yanashuka chini, na dhahabu inanaswa na mkaa maalum.

Njia hiyo inahitaji kulishwa bila kukatika. Inakula chokaa ili maji yasigeuke kuwa asidi. Inaweza kula saruji ya kushikanisha vumbi la mawe. Inakula sianidi yenyewe, mkaa maalum, mafuta ya jenereta na ya magari, matairi, filta, mikanda ya kusafirishia mawe, pampu na mabomba. Chakula cha wafanyakazi na dawa za zahanati viko juu ya orodha hiyo.

Kila kimoja kina tabia yake katika depo. Saruji ikipata unyevu inakuwa jiwe. Chokaa kikali kikiachwa wazi kinavuta maji ya hewani na kupoteza nguvu. Sianidi lazima ikae pakavu, imefungwa, mbali kabisa na asidi, kwa sababu vikikutana vinatoa gesi inayoua. Kifaa cha pampu hakiozi, lakini kinaweza kukaa miaka mitatu kwenye kona bila mtu kukumbuka kwamba kipo, huku kingine cha aina hiyo hiyo kikiagizwa kwa ndege.

Hapo ndipo hasara ya kimya inapoanza. Kiwanda kinaweza kuwa na depo iliyojaa na bado kikasimama, kwa sababu kilichojaa sicho kinachohitajika, au kinachohitajika kipo na hakuna anayejua kilipo.

Programu inafanya nini hasa

Programu ya kusimamia depo si jambo la uchawi. Kwanza, inampa kila kitu jina moja na namba moja. Bila hivyo, fundi mmoja anaandika "filta ya mafuta," mwingine anaandika "filtre gasoil," wa tatu anaandika namba ya kiwanda, na vitu vitatu vinavyofanana vinahesabiwa kama tofauti.

Pili, inampa kila kitu anwani: depo ya pili, mstari wa nne, rafu ya chini. Karani mpya anaweza kukipata hata kama yule wa zamani ameugua au amehama.

Tatu, inaandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, saa ngapi, kwa bono ya nani. Lori likifika, mzigo unahesabiwa na kulinganishwa na karatasi za kuondokea kabla dereva hajaondoka. Gunia kumi zikipungua, linajulikana leo, si baada ya miezi sita wakati kila mtu anamshuku mwenzake.

Nne, inasema kipi kitoke kwanza. Mfuko wa saruji ulioingia Juni utoke kabla ya ule wa Agosti. Dawa inayokaribia kuisha muda itangulie.

Tano, na hili ndilo lenye thamani kubwa kwa Maniema, inatoa onyo. Tuchukue mfano wa kiwanda kinachotumia tani 10 za chokaa kwa siku. Wakati wa kiangazi mzigo unafika siku 21 baada ya kuagizwa. Kiwanda kinataka pia akiba ya siku 15 kwa ajali. Hesabu ni rahisi: siku 36 mara tani 10, yaani tani 360. Stoki ikishuka hapo, agizo linatoka, bila kungoja mkutano.

Mvua ikianza, safari ile ile inachukua siku 45. Sasa alama ya kuagizia ni tani 600. Kiwanda kinachoendelea kungoja mpaka tani 360 tayari kimechelewa kwa siku 24, na hakuna aliyeona, kwa sababu depo bado inaonekana imejaa. Siku chokaa kitakapoisha, watu watasema barabara imetuangusha. Ni kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba namba ya kiangazi ilitumika wakati wa mvua.

Programu nzuri inarekebisha namba hiyo kila mzigo unapofika, kwa kuangalia muda halisi wa malori ya mwisho. Karani hodari mwenye daftari anaweza kufanya hivyo kwa vitu ishirini. Kwa vitu elfu tano, hakuna kichwa kinachoweza.

Kile ambacho kompyuta haiwezi

Ingekuwa kosa kusema kwamba Namoya ingeokolewa na programu. Mwezi Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi walitekwa nyara, wakaachiliwa miezi kadhaa baadaye. Mwezi Julai 2019 wengine wanne walitekwa. Mwaka huo huo Banro, iliyokuwa tayari imepita katika ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake nchini Kanada kati ya Desemba 2017 na 2018, ilitangaza kwamba haiwezi kuendelea na kazi Namoya kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake.

Nyuma ya mashambulizi hayo kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu Salamabila: wachimbaji wa kienyeji walioondolewa mahali walipokuwa wakichimba, vijana wanaodai kazi, ahadi za maendeleo ambazo wakaaji walisema hawazioni, na wanamgambo wa Mai-Mai walioingia katika pengo hilo. Ugomvi wa namna hiyo hautatuliwi na orodha ya stoki. Kampuni inayonunua programu ya bei kali na kukataa kuzungumza na wakaaji itajua vizuri sana siku gani chokaa chake kitaisha, na kitaisha siku hiyo hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji wa programu hawaizungumzii sana. Programu inayojua stoki inajua pia lini lori litaondoka, limebeba nini, na litapita wapi. Katika nchi yenye amani hiyo ni habari ya kawaida. Kwenye barabara ya Lulimba, ni habari ya kuuza. Kwa hiyo kila kiwanda katika eneo hili kinapaswa kuamua tangu siku ya kwanza nani anaona nini. Karani wa kupokea mzigo hahitaji kuona ratiba ya msafara wa wiki ijayo. Fundi wa jenereta hahitaji kujua kiasi cha sianidi. Na kila anayefungua ukurasa huo aache jina lake na saa.

Halafu kuna suala la umeme na mtandao. Hapa hali imebadilika kidogo. Mwezi Mei 2025 serikali ya Congo iliipa Starlink leseni ya kufanya kazi nchini, baada ya kuipiga marufuku mwaka 2024. Paneli za jua zinaonekana leo hata kwenye maduka madogo. Lakini kiwanda chenye busara hakijengi kazi yake yote juu ya mtandao. Kinachagua programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya depo hata mtandao ukikatika, na kutuma habari unaporudi. Na kinaendelea kuandika fishi ya karatasi kwenye kila rafu, ili siku kompyuta ikifa, depo isife nayo.

Mpunga wa Kasongo

Si lazima kungoja dhahabu. Kiwanda kinachojulikana zaidi na watu wa Kasongo ni mashine ya kukoboa mpunga. Mchele ni zao kubwa la wilaya hiyo, na walaji wake wako mbali na mashamba.

Mwenye mashine ana depo yenye magunia ya watu wengi. Mengine ni yake, mengine ni ya wakulima waliolipa kukobolewa, mengine ni ya mfanyabiashara anayengoja lori. Mpunga fulani ulikauka vizuri, mwingine uliletwa mbichi kwa haraka ya kulipa karo ya mtoto. Ukichanganywa, ule mbichi unaleta ukungu, na mchele unavunjika mashineni.

Hesabu yake nayo inasema mambo mengi. Mpunga mzuri katika mashine nzuri unatoa karibu kilo 62 hadi 65 za mchele kwa kila kilo 100. Tani 10 za mpunga zinapaswa kutoa karibu tani 6 na zaidi. Zikitoka tani 5, kuna moja kati ya mambo matatu: mashine imechoka, mpunga ulikuwa na unyevu, au gunia fulani zimetoka usiku. Bila maandishi, mwenye mashine anamshuku mlinzi. Kwa maandishi ya kila siku, anaweza kuona kwamba hasara ilianza wiki ile kipuri cha mashine kilipolika.

Hapo hakuna haja ya programu ya maelfu ya dola. Jedwali kwenye kompyuta moja linatosha, lenye tarehe, jina la mwenye gunia, uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, na mahali gunia lilipo. Wenye mashine wakiungana katika ushirika wanaweza kupanda ngazi moja na kutumia programu huria kama Odoo, iliyozaliwa Ubelgiji na inayozungumza Kifaransa, au ERPNext. Kwa msingi wake hazidai malipo ya leseni. Gharama iko kwenye kompyuta, kwenye kuzipanga, na zaidi ya yote kwenye kumfundisha mtu.

Mkulima naye ana faida yake. Leo anapoacha gunia zake mashineni, anaondoka na neno la mdomo. Akipewa karatasi yenye uzito, tarehe na namba, ana kitu cha kuonyesha mbele ya mnunuzi, na hata mbele ya mkopeshaji. Katika wilaya ambako mikopo ya mazao inatolewa kwa bei ngumu, karatasi hiyo inaweza kumruhusu mtu kungoja bei ipande badala ya kuuza siku ya mavuno.

Kuandika si jambo geni hapa

Kuna wanaosema kwamba watu wa vijijini hawatazoea nidhamu hiyo ya kuandika kila kitu. Historia ya Kasongo yenyewe inawajibu. Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilifanya kazi na waganga wa Kasongo kujenga vituo vya afya ambavyo msingi wake mmoja ulikuwa fishi ya kila mgonjwa, inayotunzwa kituoni na kufuatwa. Kazi hiyo ilikuwa moja ya mifano iliyosaidia kuunda mfumo wa maeneo ya afya ambao nchi nzima inautumia. Leo maeneo hayo yanatuma takwimu zao za kila mwezi katika programu ya DHIS2.

Mfano wa pili uko kwenye madini. Kwa miaka mingi, kasiteriti ya Maniema iliyo katika mpango wa iTSCi imekuwa ikifungwa lebo kwenye gunia: moja mgodini, nyingine kwa mnunuzi, na uzito kuandikwa katika daftari kila hatua. Mpango huo umekosolewa sana, na lebo zimewahi kuuzwa kinyume cha sheria katika sehemu mbalimbali za nchi. Lakini umefundisha mamia ya vijana kupima, kuandika, na kulinganisha namba za gunia. Hao ni makarani wa depo ambao kiwanda chochote kitakachofunguliwa kinaweza kuwaajiri kesho.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania ilianza miaka ya 2013 na 2014 kuagiza dawa za vituo vya afya kupitia mfumo wa kompyuta uitwao eLMIS. Vituo vingi viliendelea kujaza fomu za karatasi, na wilaya ndiyo iliyoingiza namba kwenye kompyuta. Njia hiyo ya ngazi mbili, karatasi chini na kompyuta juu, inafaa sana Kabambare, ambako kijiji hakina mtandao lakini mji una angalau mmoja.

La kudai kabla ya malori

Kila mara habari za kurudi kwa kazi Namoya, au za kiwanda kipya cha mchele, zinapofika Salamabila na Kasongo, wakaaji wanauliza kuhusu ajira, barabara na shule. Wana haki. Lakini wangeweza kuongeza maswali mengine. Depo itasimamiwa na nani: na watoto wa hapa waliofunzwa, au na watu wanaokuja kwa ndege kwa miezi mitatu? Chokaa, mbao, chakula na mifuko vitanunuliwa wapi, na je, muuzaji wa Wamaza au wa Kabambare ataonyeshwa mapema kiasi kinachohitajika ili ajitayarishe? Sianidi itatunzwa vipi, na nani nje ya kampuni atakagua daftari lake?

Swali la pili lina uzito wa pekee. Kiwanda kinachojua miezi mitatu mbele kwamba kitahitaji tani kadhaa za mchele na maharagwe kinaweza kumpa mkulima wa Kabambare agizo kabla ya kupanda. Kisichojua kinapiga simu ya haraka kwa muuzaji wa mbali, na fedha inapita juu ya vichwa vya watu wa Kabambare. Malalamiko mengi ya Salamabila kwamba mgodi hauwasaidii wenyeji yanaanzia hapo, kwenye agizo lililotolewa kwa haraka na kwenda kwingine.

Kwa wenye viwanda, kazi ya kwanza haihitaji kompyuta. Ni kufunga depo siku mbili wakati wa kiangazi, mwezi Julai au Agosti, barabara zikiwa bado zinapitika, na kuhesabu kila kitu kwa mkono, watu wawili wawili, mmoja anayejua depo na mmoja asiyeijua. Kilichoharibika kiandikwe kimeharibika. Kilichosahauliwa kipewe jina. Hapo ndipo programu, ikija, itakuwa na namba za kweli za kuanzia. Mvua za Septemba zikifika kabla ya hesabu hiyo kufanyika, kiwanda kitaingia msimu mgumu kikiwa hakijui kina nini, na itabidi kingoje mwaka mwingine.